Kitunguu Katika Mapipa ya Mchomo

3 Machi

Mama,

Dereva wa lori atakayekuletea barua hii atashusha pia kreti mbili za soda. Moja ni yako, nyingine ni ya majirani, ili waache kukuuliza kama kweli wewe ni mama wa kiwanda. Nimekupigia simu wiki nzima. Jirani yako ndiye aliyepokea, akaniambia umesema simu ni ya watu wenye haraka na wewe huna.

Mimi ninayo, lakini nitaandika. Mwaka huu soda yetu ya Mchomo inatimiza miaka arobaini. Tunachapa kijitabu cha historia yake, chenye picha, tukigawe madukani. Baba ameshatoa upande wake. Anasema alikuwa fundi wa mtambo wa gesi kwenye kiwanda cha mtu, akachoshwa na soda tamutamu zisizo na maana, akaanza kuonja mizizi na majani na maganda kwa muda mrefu sana, mpaka ulimi wake ukatulia kwenye tangawizi. Mwandishi tuliyemwajiri amefurahi kupita kiasi. Sura hiyo ameiita "Ulimi Uliotafuta". Wewe umetajwa mara moja, kwamba ulimpa moyo.

Nakufahamu, na najua hukumpa moyo. Niandikie ulivyoona wewe.

Kuna jambo la pili, na hili linaninyima usingizi. Maduka yanapunguza oda. Wanaonunua Mchomo ni watu wa umri wenu. Vijana wanakunywa nusu, wanakohoa, chupa wanaiacha mezani. Mkemia wetu ametengeneza sampuli tatu. Namba moja ni Mchomo ileile ya siku zote. Namba mbili imepunguzwa ukali. Namba tatu ni laini kabisa. Moja kati ya hizo ndiyo tutakayojaza kwenye chupa kuanzia sherehe ya mwezi wa sita. Sheria ya kiwanda unaijua: hakuna kinachotoka getini mpaka Baba aonje na ainamishe kichwa. Nimesema mbele ya wafanyakazi kwamba atakachochagua nitakifuata. Tangu hapo anazizungusha chupa mezani na hajaamua. Akichagua namba moja, nitafunga mtambo mmoja na nusu ya watu watarudi nyumbani. Hilo sijamwambia, maana ulimi ukitishwa hauonji vizuri.

Wafanyakazi wa zamani wanakusalimu.

Binti yako,
Meneja


9 Machi

Mwanangu,

Kreti zimefika na majirani wameniheshimu kwa siku moja. Umesema miaka arobaini. Naona wahenga walikuwa na kiwanda chenu akilini waliposema siku za mwizi ni arobaini.

Baba yako ametia chumvi, yeye ambaye chumvi hakuwahi kuiulizia maishani mwake. Hakuonja mzizi wala ganda. Mimi nilikuwa mpishi wa bweni la shule. Mchana nilikuwa nalisha watoto wasiohesabika, jioni narudi kumpikia yeye mmoja. Wale watoto walikuwa na maneno: leo chumvi imezidi, leo mchuzi mwepesi, leo Mama Mpishi umetupenda. Baba yako alikuwa na neno moja. "Kizuri." Nikipika kwa moyo wangu wote, kizuri. Nikiunguza, kizuri. Mwanzoni nilidhani ni adabu, baadaye nikadhani ni uvivu wa kusema. Ikafika siku nikampima. Nilichemsha nyama kwa maji matupu, bila chumvi, bila kiungo chochote, kama anavyochemshiwa mbwa. Alikula akamaliza, akafuta mdomo, akasema kizuri. Nilikaa jikoni nikalia, kwa sababu niliona naishi na mtu asiyeniona.

Kesho yake nikachukua tangawizi yote iliyokuwa ndani, nikaiponda, nikaikamua kwenye jagi moja na kutia sukari ya kumwingiza mtegoni. Akirudi kazini huwa ana kiu. Nilitaka apige kelele. Nilitaka aniulize, wewe mwanamke una nini? Alikunywa bila kupumzika. Machozi yakamtoka, akakohoa, akashika ukingo wa meza. Kisha akaninyooshea bilauri.

"Nipe tena. Hii ni nini?"

Tangu tuoane, hilo lilikuwa swali lake la kwanza mezani. Jagi lililofuata alilibeba akaenda nalo kazini akalitia gesi, na yaliyobaki unayajua kuliko mimi. Wanasema hasira hasara, lakini zangu zimekusomesha na kukujengea ofisi.

Basi mwandishi wako mpe hiki: soda yenu ilitengenezwa na mwanamke aliyekasirika. Niliendelea kukaa naye, nikakuzaa wewe, mji mzima ukaanza kumwita Ulimi, na mimi niliyekuwa nampakulia kila jioni nilijua ulimi huo hauna habari na mimi. Mwanamume anayesifu hasira zako na kunyamazia mapenzi yako hakaliki. Ndiyo sababu niliondoka, si ile waliyokueleza shangazi zako.

Kuhusu namba zenu, mimi si mwajiriwa wa kiwanda.

Mama yako


14 Machi

Kwa Mpishi,

Tulipoachana tulikubaliana mbele ya kaka yako kwamba ya mdomo tumeyamaliza, na likizuka jambo liandikwe. Hii ni mara ya nne natumia ruhusa hiyo. Ya kwanza ilikuwa harusi ya binti yetu, ya pili paa la nyumba yako, ya tatu msiba wa huyo huyo kaka yako. Kwa hiyo unaona kwamba sikuandikii ovyo.

Meneja amekwisha kukueleza habari za sampuli. Nakutumia mbili, namba mbili na namba tatu. Namba moja naijua, sina shida nayo. Hizi nyingine nimeshindwa kuziamua kwa sababu nina mafua mazito na pua imeziba. Wewe ulimi wako haujawahi kumpendelea mtu. Zionje uniandikie kila moja ikoje: inavyoanza, inavyokaa, inavyobaki mdomoni. Andika kwa urefu, maana wafanyakazi wana desturi ya kuniuliza nimeona nini ndani ya soda, nami nina desturi ya kuwajibu. Meneja asijue.

Barua yako ya jagi nimeisoma. Binti yetu aliiacha mezani kwangu, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Sina la kupinga. Ningeomba tu kijitabu kibaki kilivyo.

Ulimi


20 Machi

Kwa Bwana Ulimi,

Pole kwa mafua. Wengine huwaziba pua tu, wewe yamekuziba na aibu, mpaka umeniandikia mimi.

Nilikusudia kukurudishia chupa zako kama zilivyo. Lakini kinywaji kisichojulikana kikikaa mbele ya mpishi ni kama mtoto analia kwa jirani, huwezi kujifanya husikii. Nimezionja.

Namba tatu nitaisema siku nyingine. Namba mbili ina harufu ya kitunguu. Si nyingi, lakini ipo, na inakuja zaidi povu likitulia. Nadhani mapipa yenu yaliwahi kubebea kitu kingine, au kuna mtu anakulia chakula chake mahali asipotakiwa. Nashangaa kwamba Ulimi Uliotafuta haukukiona, maana kitunguu hakisubiri mafua yapone. Hebu inuse tena, kisha uniambie kama ni mimi niliyezeeka.

Mpishi


25 Machi

Kwa Mpishi,

Hujazeeka. Kitunguu nilikigundua tangu siku ya kwanza. Nilitaka tu kusikia kwako kabla sijawashutumu watu. Ni kama unavyosema, kinakuja chini kwa chini, povu likitulia. Nimeamuru mtambo usimame na mapipa yote yasuguliwe kwa maji ya moto.

Wakati hayo yakiendelea, niandikie namba tatu. Kwa urefu, tafadhali. Mafua bado yapo.

Ulimi


2 Aprili

Mama,

Mzee ananitia wasiwasi. Wiki iliyopita alishuka kiwandani asubuhi, akasimamisha kazi, akatangaza kwamba mapipa yananuka kitunguu. Tukasugua. Akaja, akaingiza kichwa ndani ya pipa, akasema, "Kipo. Sugueni." Tukasugua tena. Mkemia amenusa mpaka ameumwa kichwa na hakuona kitu. Dada wa mashine ya vizibo, yule anayejua umekula nini kabla hujafungua mdomo, aliingia pipani nusu mwili akatoka akasema ananusa pipa. Lakini nani atabishana na Ulimi? Wazee wa ghala walisema lisemwalo lipo, wakaendelea na brashi zao. Tumepoteza siku nne za uzalishaji, na maduka yaliyobaki yananipigia simu.

Hilo ningeweza kulimeza. Lililonitisha ni la juzi. Mchana tulikula pamoja kwenye banda la chakula, nikakaa mbele ya Baba. Fundi umeme alikuja akaketi bega kwa bega naye, na sahani yake ilikuwa na kitunguu kibichi kimejaa pomoni. Sisi wa upande wa pili wa meza tulikuwa tunajisogeza nyuma kwa harufu. Baba akala zake kwa utulivu, akamwuliza fundi kama mkewe amejifungua salama, kisha akainuka akarudi kwenye mapipa kutafuta kitunguu.

Hana mafua, maana mwaka huu sijamsikia akipiga hata chafya moja. Kichwa chake kiko sawa, mahesabu ya gesi bado anayafanya bila karatasi. Je, uzee unaweza kuanzia puani? Nimpeleke kwa daktari, au nitamdhalilisha? Wewe umeishi naye. Niambie.

Meneja wenu


7 Aprili

Kwa Ulimi,

Hapakuwa na kitunguu. Nilikitunga mimi. Nilitaka kujua kama sampuli umezionja, au umeamua kunibebesha kazi yako huku wewe umekunja nne. Nilitarajia unijibu kwa ukali kwamba mimi ni mwongo. Ningefurahi. Badala yake umewasuguisha watu mapipa masafi.

Binti yetu amenieleza yaliyotokea kwenye banda la chakula, na kwamba huna mafua. Hajaelewa alichokiona. Mimi nimeelewa. Hunusi wewe, wala huonji. Na si la mwaka huu.

Nimerudi nyuma sahani moja baada ya nyingine. Ile nyama ya maji matupu. Ule uji ulioungua mpaka majirani wakaja kuuliza. Yale maziwa yaliyochacha uliyoyanywa umesimama, nikajiambia huyu ana dharau hata kwa tumbo lake. Yote sasa yamepata mahali pake, na sipendi yanavyokaa.

Nina hasira. Usije ukadhani hii ni huruma. Nilitoka kwenye nyumba yangu kwa kosa ambalo hukulifanya, na wewe ulinishikia begi mpaka mlangoni. Neno moja tu lingetosha. Kwa nini uliniacha niende?

Mpishi


15 Aprili

Kwa Mpishi,

Ni kweli.

Niliugua homa kabla sijaanza shule. Ilipoondoka iliondoka na harufu na ladha, vyote viwili. Mama yangu alijua, akaniusia nisimwambie mtu, kwa sababu asiyenusa hajui kilichooza wala kinachoungua, na nani atampa kazi au mke? Basi nikajifunza kutazama. Nikila na watu, natazama nyuso zao kabla sijatia neno. Nilipokuwa nakula na wewe nilitazama uso wako unapopakua. Ukipakua huku unaimba, nilijua leo kimekwenda vizuri. Siku ya nyama ile nadhani sikukutazama. Nilikuwa nimechoka.

Ninachokijua ni moto, baridi na kinachochoma. Kabla ya jagi lako sikujua kwamba kinywaji kinaweza kufika. Kilipita mdomoni, kikapita kooni, kikashuka kifuani, na njia yote nilikuwa nacho. Sikulia kwa ajili ya ukali. Nililia kwa sababu ulikuwa umenitengenezea kitu, na nilikuwa nimekipata. Nilikitia gesi kwa kuwa gesi nayo naihisi. Watu wakakipenda, wakaniita Ulimi, nikawaacha waniite. Na kazi ya kuinamisha kichwa si ngumu. Ikinichoma hapa chini ya koo, itoke. Isiponichoma, irudi. Haijakosea hata mara moja.

Umeuliza kwa nini sikusema. Wewe ulikuwa mpishi. Mpishi akijua mumewe hana ulimi, atampikia kwa ajili gani? Angekuwa anamlisha tu, na mimi nilitaka kupikiwa. Na siku ile unaondoka ulisema umechoka kuishi na mtu asiyeona unachofanya. Nilidhani umegundua. Nilidhani unaniacha kwa sababu hiyo, na kwamba una adabu ya kutolitaja. Nilikushikia begi kwa aibu.

Sasa hili la namba. Mbili na tatu kwangu ni maji yenye gesi. Najua naweza kujipondea tangawizi jikoni kwangu, lakini hiyo itakuwa dawa ya mtu mmoja. Kwenye meza yoyote mimi ni mgeni. Ni kwenye Mchomo peke yake ndipo ninapokunywa na watu wakanywa, tukakohoa pamoja, nikajua kwamba walichokipata wao nami nimekipata. Ikiondoka hiyo sitakuwa na kingine. Kwa upande mwingine, binti yetu anadhani sijui habari ya mtambo utakaofungwa. Najua. Wale waliosugua mapipa kwa ajili ya kitunguu chako ndio watakaorudi nyumbani.

Sijui kama naipenda namba moja kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu ndiyo pekee niliyo nayo. Huna sababu ya kunifurahisha, ndiyo maana nakuuliza wewe. Ipi ni nzuri? Usinihurumie.

Ulimi


22 Aprili

Kwa Ulimi,

Namba tatu.

Nimejaribu kuitafutia kasoro kwa siku kadhaa, asubuhi kabla sijala na jioni nikiwa nimeshiba, ikiwa ya baridi na ikiwa imeishiwa ubaridi. Sikuipata. Namba moja niliitengeneza mimi, na niliitengeneza iumize. Inaumiza vizuri, sikatai. Lakini imekuwa ikipiga kelele miaka yote hii na tangawizi yenyewe haijapata nafasi ya kusema. Namba mbili haijui inataka nini. Namba tatu ndiyo tangawizi. Huyo mkemia wenu, sijui alifundishwa na nani, lakini ningekuwa bado nasimamia jiko ningemwonea wivu.

Nilitamani kukudanganya. Barua ya kwanza niliandika namba moja, nikaichana. Ukiondoa kile kitunguu, sijawahi kusema uongo juu ya ladha ya kitu, na sikuweza kuanza na wewe. Nimelia kidogo, kisha nimekasirika tena, kisha nimeandika hii.

Siri yako iko kwangu. Meneja nimemjibu kwamba uzee hauanzii puani na kwamba hata fundi hukosea pipa. Nimemwambia pia ile habari ya jagi aitupe, kijitabu kichapwe ulivyosema wewe. Sitaki iandikwe kwamba nilikuwa natafuta ugomvi na mtu ambaye hakuwa mwenzangu kwenye ugomvi huo.

Kuchagua ni juu yako. Ukichagua namba moja sitakucheka, na hakuna atakayejua kwa nini.

Mpishi


10 Juni

Mama,

Sherehe imekwisha na mtambo haufungwi. Nakuandikia kabla sijavua viatu.

Tulipanga bilauri tatu mbele ya watu wote, wafanyakazi, wenye maduka, na familia zao. Baba alionja ya kwanza, akafumba macho, akakohoa kidogo kama kawaida yake, watu wakacheka kwa mapenzi. Alikaa nayo mkononi muda mrefu, nami nikaanza kuhesabu kichwani ni nani na nani nitakaowaita ofisini Jumatatu. Akaiweka chini. Ya pili aliionja akaiacha. Ya tatu aliishika mdomoni mpaka watu wa nyuma wakasimama wamwone. Kisha akainamisha kichwa.

Mkemia alilia, mwanamume mzima. Tukamimina namba tatu kwa watu wote, nao wakaipenda hapo hapo, hukuhitaji kuuliza. Mwandishi akamwendea Baba na kalamu yake, akamwuliza ameona nini ndani ya soda hii. Unajua anavyopenda kuieleza Mchomo. Safari hii alisema, "Muulizeni anayejua kupika." Watu wakadhani ni mzaha.

Baadaye nilimkuta ghalani, ameketi juu ya kreti tupu na bilauri ya namba moja iliyobaki. Nilimwuliza kama anaumwa. Alisema hapana, anaimalizia tu. Nikaketi naye mpaka akamaliza.

Kijitabu kimetoka. Umetajwa mara moja, kwamba ulimpa moyo.

Binti yenu,
Meneja


12 Juni

Kwa Mpishi,

Nimefanya.

Niliishika mdomoni muda mrefu nikitumaini, jambo la kipumbavu kwa mtu wa umri wangu. Ilikuwa baridi, kisha haikuwa kitu. Walipomiminiwa wao nikatazama nyuso zao. Ukumbi mzima ulilegea kwa pamoja, hakuna aliyekohoa, na mimi nilikuwa nimesimama nje yao. Nilihuzunika. Sijutii, kwa sababu hapa nilipo nausikia mtambo wa pili ukifanya kazi, lakini nilihuzunika na sina mwingine wa kumwambia.

Sasa jina langu liko juu ya kitu nisichokijua. Nieleze ikoje. Usitumie maneno ya wapishi, sikuwahi kuyaelewa.

Fundi wa gesi


18 Juni

Kwa Fundi,

Nimeandika mara nyingi na kufuta, na hii ndiyo iliyobaki.

Unapokaa chumba cha mitambo na joto lake, kisha ukafungua mlango, hewa ya nje inakufika usoni kabla mguu haujatoka. Hivyo ndivyo inavyoanza. Halafu ukali wake unakuja, lakini ni wa kikombe cha chai ulichokishika kwa viganja viwili siku ya mvua. Joto lipo, na halikukimbilii. Sukari yake ni mkono wa mtu begani, aliuweka akausahau hapo. Na inavyobaki mdomoni ni pale mnapozima mitambo jioni, kelele zimekwisha, na sakafu bado inatetemeka kidogo chini ya viatu. Wewe hiyo sakafu unaijua kuliko mtu yeyote. Ndicho ulichowapa watu. Ni kitu kizuri.

Hujaniuliza kuhusu chakula changu. Nilikupikia jioni baada ya jioni miaka yote ile, na hakuna hata sahani moja iliyokufika. Mimi ninazikumbuka karibu zote. Taja siku yoyote unayoikumbuka, ya furaha au ya ugomvi, nami nitakueleza tulikula nini.

Mpishi